Saumu, Sumu na Gome la Mti: Kukusanya Majina ya Mimea ya Pori Kasongo na Kabambare

Utangulizi

Katika orodha yangu ya kwanza ya msamiati, niliyoikusanya nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kuna mstari mmoja ambao hadi leo unanifundisha. Upande wa kushoto niliandika kitungulu cha pori. Upande wa kulia nikaandika kwa Kifaransa ail sauvage, yaani kitunguu saumu cha mwitu. Ilikuwa likizo ya Pasaka, upande wa Kabambare. Mtoto aliyetangulia mbele yangu njiani alifukua tunguu, akanionyesha, akataja jina. Lilifanana na kitunguu, nami nikaandika.

Mwalimu aliporudisha orodha, pembeni mwa mstari huo alikuwa ameandika: "Je, kinaliwa?" Sikuwa na jibu. Nilirudi likizo kubwa, mvua za kwanza za Septemba zikiwa zimeanza. Palepale nilipoonyeshwa tunguu palikuwa na ua jekundu la mviringo kama mpira. Mama mmoja wa kijiji aliniambia bila kusita: "Hiyo hailiwi, mwanangu. Hiyo ni ya kuua."

Mmea ule ni Scadoxus multiflorus. Unaota sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Tunguu lake lina alkaloidi zenye sumu, na mahali mbalimbali barani umetumika kutilia sumu mishale na kuvulia samaki. Orodha yangu ilikuwa imeupa jina la kiungo cha mchuzi.

Makala haya yana hoja moja: jina la mmea wa pori halikusanywi kwa kutafsiriwa, hukusanywa pamoja na mmea wenyewe, sehemu inayotumika na namna ya kuutayarisha. Mfano wetu ni kitunguu saumu na vitu vinavyofanana nacho kwa sura, kwa harufu au kwa jina. Tutaanza na neno, tufuate mmea, tuingie jikoni, kisha tuone kadi ambayo mwanafunzi anaweza kwenda nayo Kasongo au Kabambare.

1. Kitunguu: tunda lililo ndani ya neno

Kiswahili sanifu husema kitunguu, wingi vitunguu. Mashariki ya Kongo husikika kitungulu au kitunguru, na wingi wake bitungulu. Mwanafunzi mwenye haraka atadhani kwamba wasemaji wa Kingwana wameongeza konsonanti. Ukweli ni kinyume chake. Kiswahili cha pwani ndicho kilichodondosha l kati ya irabu. Linganisha njaa na nzala ya Kilingala au enjala ya Kiganda. Linganisha mvua na mbula ya Kilingala. Linganisha mguu na okugulu ya Kiganda. Kwa utaratibu uleule, kitungulu ndiyo sura ya zamani na kitunguu ndiyo iliyochakaa. Kwa neno hili, mzungumzaji wa Maniema ametunza kile ambacho kamusi imepoteza.

Sura hiyo ya zamani inatufungulia mlango mwingine. Katika Kiganda, obutungulu ni vitunguu, lakini amatungulu ni matunda ya Aframomum, mmea wa jamii ya tangawizi. Katika misitu ya mashariki ya Kongo pia matunda hayo huitwa matungulu. Kila mtoto aliyekulia karibu na msitu anayajua: mekundu, yanaota karibu na ardhi chini ya majani marefu, ndani yana nyama chachu na mbegu nyeusi zenye harufu kali.

Basi tuna mzizi mmoja, -tungulu, na vitu viwili. Kimoja ni cha msitu wa kwetu. Kingine, kitunguu, ni mgeni aliyetoka Asia. Dhana inayopendekezwa hapa ni kwamba mgeni alipewa jina la mwenyeji. Watu walipokutana na kitu kidogo cha mviringo chenye harufu kali, walikiita tungulu dogo: Kiganda kwa kiambishi cha udogo ka- na wingi wake bu-, Kiswahili kwa ki-. Dhana hii inahitaji kupimwa kwa lugha nyingine, na eneo letu ni mahali pazuri pa kuipima. Kibangubangu (D27 katika uainishaji wa Guthrie) kinasemwa Kabambare; Kizimba (D26) na Kikusu (C72) vinasikika Kasongo na jirani zake. Mwanafunzi anayezisema lugha hizi anaweza kuuliza swali moja tu: matungulu ya msituni na kitunguu cha sokoni mnaviitaje? Majibu mawili yaliyo na mzizi mmoja yatakuwa ushahidi.

2. Saumu: maneno matatu yanayogongana

Sehemu ya pili ya jina imetoka Kiarabu, na hapa panahitaji uangalifu, kwa maana maneno matatu ya Kiarabu yamekuja kukaa karibu mno katika masikio yetu.

La kwanza ni thum, mmea wenyewe. Katika matamshi ya mazungumzo ya Waarabu wengi husikika kama thom, ndiyo maana pwani ya Kenya hadi leo husema kitunguu thomu. La pili ni sawm, yaani kufunga, lililotupa saumu ya mwezi wa Ramadhani. La tatu ni samm au summ, lililotupa sumu.

Kwa kanuni za kawaida, thum ingetupa thumu au thomu. Irabu mbili za saumu hazikutoka katika thum. Zinafanana na zile za sawm. Inaelekea kwamba neno la mmea lilivutwa na neno la kufunga lililokuwa tayari midomoni mwa watu. Na pale ambapo th haikuzoeleka, kama ilivyo sehemu nyingi za mashariki ya Kongo ambako thelathini huwa selasini, hakukuwa na kitu cha kuyatenganisha tena. Ndipo watu wengine hueleza kwamba kitunguu saumu kinaitwa hivyo kwa sababu mfungaji hukila, au kwa sababu hakili. Maelezo hayo ni etimolojia ya watu: yanapendeza, tuyaandike kama masimulizi, lakini hayaelezi asili ya neno.

Safari haikuishia hapo. Kinyarwanda husema tungurusumu. Kiganda husema katunguluccumu. Maneno yote mawili ni kitunguu saumu kilichovaa nguo za lugha nyingine, na katika yote mawili saumu imefupika. Kwa Mnyarwanda hakuna hatari yoyote, kwa sababu sumu kwake ni uburozi. Kwa Mganda ni obutwa. Lakini sisi mashariki ya Kongo tunaishi mpakani mwa lugha. Anayesikia kitungulu sumu sokoni anaweza kuwa amesikia kitunguu saumu, na anayesikia kitungulu cha sumu porini amesikia onyo. Kati ya kiungo na kifo kuna silabi moja.

Kutokuelewana kuhusu jina la mmea huu ni jambo la zamani. Katika Kurani, sura ya al-Baqara, aya ya 61, limetajwa neno fum katika chakula ambacho Wana wa Israeli walikitamani. Wafasiri wamegawanyika, wengine wakisema ni kitunguu saumu, wengine ngano. Wanafunzi wetu Waislamu wa Kasongo wanajua pia hadithi inayomtaka aliyekula kitunguu saumu au kitunguu asiukaribie msikiti, kwa ajili ya harufu. Ni mfano mzuri darasani: katika hadithi mmea unatambulika kwa harufu, katika aya unatambulika kwa neno tu, na ni pale penye neno tu ndipo wasomi walipotofautiana.

3. Kasongo, njia ya neno

Neno saumu lilifikaje Maniema? Lilikuja na watu waliolisema. Katika miaka ya 1860 na 1870 misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka pwani ilivuka Ziwa Tanganyika na kuingia nchi hii. Livingstone alikaa Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, kwa miezi mingi kati ya 1869 na 1871, akiwakuta wafanyabiashara hao tayari wapo. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Mji ulipotekwa na majeshi ya Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, daktari wao, Sidney Hinde, alikuta maghala ya mpunga, kahawa na mahindi, na bustani zenye machungwa, mapera, makomamanga na mananasi. Kabambare ilifuata Januari 1894.

Tusisahau bei ya bustani zile: zililimwa na watu waliotekwa. Lakini pamoja nao na baada yao walibaki Wangwana, lugha yao ya Kingwana, dini yao na kilimo cha mpunga ambacho hadi leo ni fahari ya Kasongo. Katika mzigo huo wa maneno ya shambani na jikoni ndimo tunamoweka kitunguu na saumu. Msamiati wa chakula cha Maniema una tabaka zaidi ya moja: majina ya msitu katika Kibangubangu, Kizimba na Kikusu, majina ya pwani katika Kingwana, na juu yake Kifaransa cha dukani. Anayekusanya lazima aulize tabaka zote. Akiuliza moja tu, atapata jibu sahihi la swali pungufu.

4. Jina lilifika, mmea ulisita

Kitunguu saumu, Allium sativum, asili yake ni Asia ya Kati. Jenasi ya Allium haina makao ya asili katika misitu ya Kongo, kwa hiyo anayesema amekuta kitunguu saumu cha mwitu Maniema amekuta kitu kingine. Ulaya wanacho cha kweli, Allium ursinum, kinachochumwa majani msituni majira ya kuchipua. Hata huko kuna watu waliokufa kwa kukichanganya na Colchicum autumnale, mmea wa sumu wenye majani yanayofanana nacho. Kipimo cha harufu huwadanganya wachumaji, kwa sababu baada ya kushika majani machache vidole vyenyewe vinanuka saumu na kila jani linalofuata linaonekana salama.

Kwetu hatari hiyo ina sura nyingine. Mbali na Scadoxus, kuna Crinum yenye matunguu makubwa na maua meupe au yenye mistari ya waridi. Nayo si chakula. Kuna pia Gloriosa superba, yenye maua ya rangi ya moto, ambayo kiazi chake kina kolkisini, sumu ileile ya Colchicum ya Ulaya. Mimea hii inaweza kukutana na mtu mwenye njaa, hasa aliyekimbia vita na kujikuta katika pori asilolijua. Mtu huyo hahitaji jina la Kilatini. Anahitaji jina ambalo mwenyeji atalielewa, na onyo linalofuatana nalo.

Je, kitunguu saumu kinaweza kulimwa Kasongo? Punje hupandwa ncha ikiwa juu, kina cha sentimita 3 hadi 5, zikiachana sentimita 10 hadi 15, katika udongo usiotuamisha maji. Majani yatatoka. Lakini ili kichwa kijigawe punje, mmea huhitaji kipindi cha baridi, na bonde la Lualaba halina baridi hiyo. Hustawi vizuri zaidi katika nyanda za juu. Mkulima wa Kasongo anaweza kupanda punje kwenye kopo au pembeni mwa bustani na kukata majani mabichi ya kutia katika mboga. Vichwa ataendelea kuvinunua. Hilo nalo linaeleza jambo la lugha: mmea unaonunuliwa tayari huja na jina moja tu la biashara, wakati mmea unaochumwa huwa na majina ya jani, gome, tunda na majira.

5. Mti wenye gome la saumu

Harufu tunayoitafuta ipo katika misitu ya Afrika ya Kati, ila haitoki kwenye tunguu. Ipo kwenye mti. Scorodophloeus zenkeri ni mti wa jamii ya kunde unaopatikana kuanzia Kameruni na Gaboni hadi Bonde la Kongo. Wataalamu wa misitu waliofanya kazi Yangambi, karibu na Kisangani, waliuona ni mwingi kiasi cha kuita aina nzima ya msitu kwa jina lake. Gome lake, majani na mbegu vinanuka kitunguu saumu. Gome hukaushwa, hutwangwa na kutiwa katika mchuzi. Wafaransa huuita mti wa saumu, na jina la kisayansi, lililotungwa kwa Kigiriki, halisemi zaidi ya hapo: skorodon ni kitunguu saumu, phloios ni gome. Mtaalamu wa mimea alifanya kile afanyacho mwanakijiji, alinusa kisha akataja.

Kuna miti mingine miwili ya Afrika ya Kati yenye harufu hiyo, Afrostyrax lepidophyllus na Hua gabonii, nayo ni ya jamii nyingine kabisa. Harufu moja, jamii tatu za mimea ukihesabu kitunguu saumu chenyewe. Kinachoziunganisha ni viambato vya salfa, wala si undugu wa mimea.

Kasongo na Kabambare ziko kwenye ukingo ambapo msitu mkubwa unaanza kuiachia savana nafasi, na msitu hubaki kama utepe kando ya mito kama Luama. Kwa hiyo swali kwa mzee lisiwe "mnaitaje ail sauvage?" Swali liwe: "Mzee, kuna mti ambao gome lake linanuka kama kitunguu? Unaota upande gani? Nani huenda kuuchuna?" Na tukiupata, tuandike pia namna ya kuchuna. Gome linalobanduliwa upande mmoja, kipande kidogo, huacha mti hai. Linalobanduliwa kuzunguka shina lote huua mti, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia gome la ndani. Lugha ikiwa na kitenzi kimoja cha kuchuna kidogo na kingine cha kuzungusha, vitenzi hivyo viwili ni sheria ya msitu iliyofichwa katika kamusi.

6. Jikoni: vitenzi vinavyobeba maarifa

Kitunguu saumu kizima hakinuki sana. Kinapopondwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na kiambato cha salfa, na harufu huzaliwa. Ndiyo maana mpishi anayeponda na kuacha dakika chache kabla ya kutia motoni hupata ladha kali kuliko anayetumbukiza punje nzima. Kuponda hapa kuna kazi yake. Pasipo kuponda hakuna saumu.

Sombe inatufundisha zaidi. Majani mabichi ya muhogo yana viambato vinavyotoa sianidi. Mama hutwanga katika kinu, huchemsha kwa muda mrefu bila haraka ya kufunika, ndipo hutia mawese, kitunguu, saumu kama ipo, pilipili na chumvi. Kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoyafanya majani kuwa chakula. Orodha inayosema tu "sombe: majani ya muhogo" imesahau kitenzi kinachomlinda mlaji. Kanuni hiyohiyo inahusu kila mboga ya pori: mapishi ni sehemu ya maana ya neno.

7. Kadi ya kukusanya

Kwa kila jina, mkusanyaji ajaze kadi moja yenye mambo saba:

(1) Jina kama lilivyotamkwa, pamoja na umoja, wingi na lugha yake.
(2) Nani amelitaja: mtoto, mwindaji, mama wa shambani, mchuuzi. Watu hawa hawajui vitu sawa.
(3) Sehemu inayotumika: jani, gome, tunguu, tunda, mbegu.
(4) Mahali na majira, na kama kuna ua, rangi na umbo lake.
(5) Harufu, ikinuswa kwa mikono iliyonawa.
(6) Namna ya kuvuna, kutayarisha na kula, kwa vitenzi vya msemaji mwenyewe.
(7) Kinachofanana nacho na kisicholiwa. Swali hili lisiachwe kamwe.

Tafsiri ya Kifaransa iandikwe mwisho, kwa penseli, mpaka kielelezo cha mmea kitambuliwe na mtu wa botania. Mkusanyaji asionje chochote ambacho mwenyeji hajakila mbele yake. Na ajue adabu: mama aliyeinama shambani haulizwi kadi mkononi. Husalimiwa, husaidiwa mzigo, na mazungumzo huanza na habari za watoto na mvua.

Hitimisho

Mstari wangu wa zamani nimeusahihisha. Sasa unasomeka: kitungulu cha pori (Kingwana, Kabambare, limetajwa na mtoto, limethibitishwa na mama mtu mzima): tunguu la Scadoxus multiflorus, ua jekundu mvua zinapoanza, haliliwi, lina sumu. Ni mrefu kuliko ule wa kwanza na hauvutii kama tafsiri ya maneno mawili. Lakini mtu anaweza kuutumia bila kufa.

Wazee wanaojua majina haya hawakusanyiki tena kirahisi. Wengine vita vimewaondoa vijijini, wengine watoto wao wanajua majina ya sokoni tu. Kitivo cha lugha hakiwezi kupanda msitu, ila kinaweza kuandika majina vizuri yangali na wenyewe.

Mazoezi

(a) Tafuta maneno matano ya Kiswahili sanifu yaliyopoteza l kati ya irabu, uyalinganishe na lugha ya nyumbani kwenu.
(b) Muulize mtu mzima mmoja asili ya neno saumu katika kitunguu saumu. Andika maelezo yake yote, kisha tenganisha etimolojia ya watu na historia ya sauti.
(c) Jaza kadi moja kwa mboga ya pori inayoliwa kwenu, ukianza na kipengele cha saba.